Mjadala: Hela ya kwanza kwenye kruza iende kwenye taa au kwenye mlio?

Mleta mada
Wakuu, kila anayenunua kruza, ile pikipiki nzito ya kiti cha chini, swali lake la kwanza ni bomba gani la moshi lina mlio mzito. Taa huikumbuka siku giza likimkuta njiani. Naweka msimamo wangu mapema ili mnishambulie vizuri: hela ya kwanza iende kwenye taa, na mabomba ya kelele yapigwe marufuku. "Mlio unaokoa maisha" ni kisingizio cha watu wanaopenda kusikika.

Mwaka 1981 ilitoka ripoti ya mtafiti Harry Hurt na wenzake, waliochunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles, Marekani. Karibu robo tatu zilikuwa za kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo, na katika theluthi mbili ya hizo aliyemkatia njia mpandaji ni dereva wa hicho chombo kingine. Maelezo yao yalifanana: sikuiona pikipiki. Hatari nyingi zilitokea mbele ya mpandaji. Bomba linatazama nyuma! Unampigia kelele mtu uliyekwisha kumpita.

Mimi nilibadilisha balbu tu, nikachomeka LED kwenye taa ileile ya zamani. Usiku umekuwa mchana.

Ngurumo
Mkuu, unaandika kama mtu ambaye hajawahi kubanwa ubavuni mwa lori. Niko usawa wa tairi lake la nyuma, kioo chake hakinifikii, taa yangu inamulika hewa. Napiga resi mbili, anajua kuna kiumbe hapa. Hiyo ripoti haikuwa kwenye foleni yangu.

Halafu tusidanganyane, kruza bila mlio ni kitanda chenye magurudumu. Harley-Davidson, watengenezaji wa kruza wa Marekani, waliomba mwaka 1994 mlio wa injini yao usajiliwe kama alama ya biashara, wakaja kuliondoa ombi mwaka 2000. Miaka sita wanahangaikia mlio, wewe unaita kisingizio? Na nguvu inaongezeka. Nimefunga bomba la wazi na eya filta (kichujio cha hewa) kubwa, chuma kinaruka.

Jirani
Mimi sina pikipiki. Nina mtoto mchanga na dirisha linaloangalia barabara. Anayeiwasha saa kumi na moja alfajiri na kuingurumisha dakika tano palepale, anaokoa maisha ya nani? Amesimama.

Fundi Waya
Nianze na Ngurumo. Umefungua njia ya hewa kuingia na kutoka, je, kompyuta ya injini iliguswa? Ukiwa unatembea taratibu sensa ya oksijeni, inayopima moshi kwenye bomba, inarekebisha kidogo, lakini ukivuta moto wote injini inafuata hesabu za kiwandani, zilizopigwa kwa bomba la zamani ulilolitoa. Hewa imezidi, mafuta ni yaleyale. Dalili unazo: ukiachia moto bomba linapasua pa-pa-pa, na chuma karibu na kichwa cha injini kimeanza kugeuka bluu. Wengi huuita huo utamu. Mimi nauita joto. Tena bomba fupi lililonyooka kwa kawaida hupunguza msukumo kwenye resi za chini, na kruza inaishi hukohuko chini. Kinachoruka ni masikio yako.

Sasa mleta mada, usicheke. Balbu ya H4 ya halojeni ina nyuzi mbili, wati 60 za fulu na 55 za dimu. Uzi wa dimu umekaa mahali palipopimwa, na chini yake kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande. Kioo cha taa kimechongwa kufuata uzi huo. Ukichomeka LED ambayo vipande vyake vimekaa pembeni, kioo kinachanganyikiwa. Wewe unaona lami nyeupe hatua chache mbele na kufurahi, anayekuja anaona jua. Na aliyepofuka hapimi uko umbali gani.

Jaribu hivi: usiku, simama mita saba mbele ya ukuta, washa dimu. Unatakiwa uone mstari, juu giza, chini mwanga. Pikipiki ikaliwe na mtu wa uzito wako, maana shoku za nyuma zikididimia mwanga wote unapanda. Anayetaka LED anunue taa nzima yenye kioo chake. Kruza nyingi zinatumia duara la inchi 7 au 5.75, na iwe na alama ya ubora: E ndani ya duara (ya Ulaya) au DOT (ya Marekani).

Indiketa nazo. Balbu ya kawaida ni wati 21, ya LED ni wati mbili tatu, basi rilei, kile kidude kinachozipepesa indiketa, inadhani balbu imeungua na kuanza kupepesa kama ina kichaa. Badilisha rilei. Ukifunga rezista ya kula umeme ili rilei idanganyike, usiiegemeze kwenye plastiki, inachemka kweli.

Ngurumo
Jirani, hapo umenikamata. Kuhusu marufuku nakataa. Nani atapima, polisi kwa sikio? Marekani pikipiki za barabarani kuanzia modeli za 1986 zina kikomo cha desibeli 80, na bomba linalokidhi lina mhuri. Wakague mhuri, wasinihukumu kwa ninavyofanana.

Mleta mada
Mhuri nakubali, hapo nimelegeza. Asiye na mhuri alipe.

Ngurumo
Na asiye na E kwenye taa?

Mleta mada
Nimetoka ukutani sasa hivi. Mstari hakuna, mwanga umepanda mpaka madirisha ya ghorofa ya pili na kuna mtu amefungua pazia kunitukana. Ile halojeni sikuitupa, iko kwenye droo.