Karo la choo la nyumba ya kupangisha Mtwara linajaa kila mara, mwenyewe niko Monduli kikazi. Naombeni ushauri

Mzee wa Chuno (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina nyumba Chuno, Mtwara mjini. Ni mtumishi wa jeshi, nilipohamishiwa Monduli nikaondoka na familia, nyumba nikaipangisha. Tulipokaa wenyewe karo halikuwahi kusumbua. Sasa ndani kuna familia mbili, na vyumba vya uani vina wanachuo. Kila baada ya miezi michache napigiwa simu: maji yamefurika kwenye chemba, jirani analalamika harufu. Natuma hela, gari la kunyonya linakuja, kidogo tu simu tena.

Karo ni la tofali, lina vyumba viwili, pembeni lipo shimo la kunyonyea, maji yanakozama ardhini. Fundi mmoja anataka tubomoe tujenge karo kubwa. Mwingine anauza dawa ya unga, eti ukimwaga hutaita gari tena maisha. Wapangaji wanasema gharama zote ni za mwenye nyumba. Mikataba inaisha karibuni, nataka kujua niandike nini. Likizo bado mbali.

Fundi Chemba
Afande, usibomoe kitu. Karo hukaa limejaa muda wote, mpaka usawa wa bomba la kutokea, ndivyo lilivyo. Uchafu mzito unatulia chini unakuwa tope, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanakwenda shimoni. Gari linaitwa kwa ajili ya tope, na kwa matumizi ya kawaida hiyo ni kila miaka 3 hadi 5. Maji yakifurika kila baada ya miezi michache, ama bomba limeziba ama shimo limechoka.

Gari likija tena, msimamizi wako asiondoke. Wakishanyonya karo, amulike tochi kwenye bomba la kutokea. Akiona maji yanarudi kutoka shimoni kuingia karoni, umepata jibu. Amulike akiwa juu, asiingize kichwa, na mtu yeyote asishuke humo hata likionekana kavu. Hewa ya karoni inaua, na anayeshuka kumwokoa mwenzie mara nyingi hubaki naye hukohuko.

Mama Mikindani
Shem, mume wangu naye ni wa kambini, nyumba zetu nasimamia mimi. Kuhusu mkataba: kunyonya kwa kawaida lipa wewe, hilo halina ubishi, nyumba ni yako. Pampasi, pedi na matambara yakikutwa kwenye bomba, walipe wapangaji. Ila kama kaya zote zinatumia bomba moja utamjuaje mwenye pampasi? Kila mmoja atamsukumia mwenzie. Mimi niliweka ndoo yenye mfuniko kwenye kila choo, nikawaambia zikizibuliwa pampasi wanachangia wote. Walinuna, lakini bomba halijaziba tena.

Na wasimwage mafuta ya kukaangia kwenye sinki. Wanaokaanga mihogo ya kuuza ndio balaa.

Korosho Nyeupe
Bili ya maji ya MTUWASA inasemaje? Kama imepanda kuliko idadi ya watu, kuna sisteni (tangi la kuflashia choo) inavuja kimyakimya, na hayo maji yote yanaishia karoni usiku kucha. Watie bluu ya kufulia kwenye sisteni, wasi-flashi kwa nusu saa. Bluu ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umekwisha. Kipuri chake ni hela ndogo.

Msela wa Ligula
Mi naona fundi wa karo kubwa yuko sahihi, watu si wameongezeka?

Fundi Chemba
Nusu sahihi, mkuu. Watu wakizidi, maji yanapita karoni haraka, tope halipati muda wa kutulia, linasukumwa mpaka shimoni. Likifika huko linapaka kuta, udongo haunywi tena. Shimo likishakuwa hivyo, karo kubwa litamsaidia nini? Atajenga, na maji yatagota palepale. Aanze na shimo jipya, mbali na kisima kwa mita 30 angalau, cha jirani pia kihesabiwe. Akichimba akakuta maji karibu asiendelee kwenda chini, atanue pembeni. Na maji ya bati yasielekezwe huko.

Dawa ya unga aachane nayo. Hiyo ni bakteria wa kula uchafu, nao wamo kwenye kinyesi chenyewe, bure. Mchanga na pampasi hakuna bakteria anayevila. Wanachofanya wapangaji ni kuwaua kwa jiki na asidi za kuoshea choo.

Mzee wa Chuno
Ahsanteni sana. Msimamizi amejaribu bluu: choo cha uani kinavuja, na bili kweli ilikuwa imepanda. Kesho wanabadilisha mpira. Gari nalo lilikuja leo asubuhi, akamulika, maji yanarudi kutoka shimoni, si mengi lakini yanarudi. Swali: mpira ukibadilishwa, shimo linaweza kupona lenyewe?

Fundi Chemba
Likipumzika bila kupokea maji, linaweza kupata nafuu. Huwezi kulipumzisha watu wakiwa ndani, kwa hiyo chimba la pili, uweke koki ya kugeuzia, la zamani lilale. Chimba kabla ya Desemba. Mvua za Mtwara zikishashika, mpaka Aprili udongo umeshiba maji, na fundi atakuchaji mara mbili kwa kuchota tope tu.

Mama Mikindani
Na shem, pale juu ya shimo jipya mtu asiegeshe bajaji. Hilo nalo waandikie kwenye mkataba.