Wakuu naomba ushauri: kifleti cha zamani Japani, kimekamilika 1982, niingie au niache?

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Huu ni mwaka wa saba niko Japani, kazi naifanya Tokyo ila naishi Kawaguchi, Saitama, nimepanga kwa yen 62,000 kwa mwezi. Viza yangu ya kazi, ukaazi wa kudumu bado. Sasa nimepata kifleti cha chumba kimoja, mita za mraba 24, ghorofa ya tatu, jengo la zege la ghorofa tano halina lifti, bei yen milioni 6.8. Benki mbili zimenikatalia mkopo kwa sababu sina ukaazi wa kudumu, kwahiyo natoa keshi, hela ya ovataimu ya miaka sita. Kila mwezi kuna kanrihi, yaani ada ya uendeshaji wa jengo, 9,800, na ya mfuko wa matengenezo 3,200. Nikilinganisha na kodi ninayolipa naona ndani ya miaka 12 hela yangu imerudi. Dalali anasema jengo limekamilika Machi 1982 kwahiyo ni la viwango vipya vya ujenzi wa kuhimili tetemeko. Nimeshampa 50,000 ya kuonyesha nia, mkataba Ijumaa ijayo. Mke na watoto wawili wako nyumbani wanaitegemea hii hela, ndo maana usingizi haupo. Naombeni mawazo.

Mkazi wa Saitama
Mkuu hapo kwenye 1982 simama kwanza. Mstari wa viwango vipya ni tarehe 1 Juni 1981, na kinachoangaliwa ni siku kibali cha ujenzi kilipotolewa, sio siku watu walipokabidhiwa funguo. Jengo la ghorofa tano linaweza kuchukua mwaka kujengwa, rudisha nyuma kutoka Machi 1982 uone unaangukia wapi. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 ndo liliwaonyesha watu tofauti, majengo ya viwango vya zamani yaliumia zaidi. Usimwamini dalali kwa mdomo, nenda manispaa dirisha la majengo, omba cheti kinaitwa daicho kisai jiko shomeisho, ni yen mia chache tu na tarehe ya kibali imeandikwa humo.

Mama Wawili Osaka
Kaka yangu, mi nimenunua kama hicho 2016 kwahiyo naongea kwa maumivu kidogo. Wewe unaangalia chumba, lakini kwa jengo la umri huo unachonunua hasa ni jengo zima na mfuko wa hela wa wenye nyumba wote. Hiyo 3,200 yako ni ndogo mno. Mwongozo wa serikali kwa majengo madogo unazungumzia wastani wa yen 335 kwa mita ya mraba kwa mwezi, zidisha kwa 24 unapata kama 8,000. Ikiwa ndogo hivyo maana yake kuna siku wataipandisha au watawaomba mchango wa mkupuo lifanyike tengenezo kubwa la paa na kuta, hilo huja kila baada ya miaka 12 hadi 15 hivi. Kwangu mwaka wa pili tu kikao kikapiga kura, kutoka 4,000 ikaenda 11,500, mimi nilikuwa nimekaa nyuma na mtoto mgongoni, Kijapani chenyewe cha kuunga unga, nikaona mikono inanyanyuliwa tu.
Omba ripoti ya kampuni inayosimamia jengo, uone mfuko una shilingi ngapi (yen namaanisha), nani hajalipa, na muhtasari wa vikao vya miaka mitatu. Na muuzaji kama ana madeni ya hizo ada yanakufuata wewe mnunuzi, ndo sheria yao ilivyo.

Fundi Bomba
Mimi kazi yangu ni kukarabati nyumba za aina hii. Rudi pale asubuhi na mapema kabla maji hayajatumika, fungua bomba la jikoni uweke glasi nyeupe chini. Maji ya kwanza yakitoka na rangi ya chai ujue mabomba ya chuma yameoza kwa ndani. Afu uliza bomba la maji machafu linapita wapi, majengo mengi ya zamani linatoboa sakafu yako linapita juu ya dari ya jirani wa chini, siku likivuja maji yanamwagikia yeye kitandani na kulifikia mpaka akufungulie mlango wake. Rangi na wallpaper mpya zisikudanganye, hizo nabandika mimi kwa siku mbili.

Mleta uzi
Dah asanteni sana, hii ya kibali sikuijua kabisa. Sasa ile 50,000 nikijitoa si imeenda? Na je nikinunua inasaidia viza?

Mkazi wa Saitama
Viza haihusiani kabisa, mgeni yeyote anaruhusiwa kumiliki nyumba na ardhi hapa lakini haikupi hata siku moja ya ukaazi. 50,000 ya kuonyesha nia dalali lazima akurudishie kama hamjasaini. Ukishasaini ndo unatoa tetsuke, yaani malipo ya awali ya mkataba, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya bei, hiyo ukijitoa mwenyewe imekwenda, muuzaji akijitoa yeye anakulipa mara mbili. Pia ada ya dalali, tangu Julai 2024 kwa nyumba ya milioni 8 kushuka chini anaweza kudai mpaka 330,000 pamoja na kodi, ongeza gharama za usajili na kodi ya jengo ya kila mwaka. Miaka yako 12 inasogea mbele.

Mpangaji Mzoefu
Mimi ningebaki kupanga tu. Kazi ikihamia mji mwingine utamuuzia nani kichumba kisicho na lifti?

Mama Wawili Osaka
Sikubaliani sana na hapo juu, mi pamoja na yote sijutii, watoto wana kwao. Ila jengo langu ni la 1988 na vikao nahudhuria vyote siku hizi.

Mleta uzi
Wakuu mrejesho. Nimeenda manispaa Jumanne, kibali ni cha Novemba 1980. Nimemwonyesha dalali kile cheti akakaa kimya, akasema yeye aliangalia tarehe ya kukamilika tu. Nimejitoa, jana 50,000 imerudi kwenye akaunti. Jumapili naenda kuona kingine cha 1986, mfuko wa matengenezo 7,600 kwa mwezi, ripoti ya jengo nimeshaiomba kabla hata ya kukiona chumba. Dada wa Osaka nikiipata nitaiweka hapa unisaidie kuisoma.