Naomba ushauri: farasi wa aina ya Thoroughbred aliyetoka kwenye mbio

Habari zenu wakuu. Kuna jirani ananiuzia farasi jike, Thoroughbred wa miaka 7, aliyeacha mbio mwaka jana. Nimeenda kumwona mara mbili. Mpole kweli, ila mguu wa mbele wa kushoto, nyuma, chini ya goti, una uvimbe mgumu, nikiubonyeza anauvuta. Kwenye ardhi ngumu anatembea vizuri, kwenye mchanga anachechemea kidogo. Muuzaji anadai ni kovu la zamani, na anataka malipo ya awali kabla daktari wa mifugo hajampima (hapo ndipo roho inasita). Cheti cha ukoo nimekiona, chipu ya utambulisho iliyo shingoni haijasomwa.

Nahofia uvimbe huo ni wa kano (ule ukano unaounganisha msuli na mfupa). Kano iliyowahi kuumia itamudu matembezi ya kawaida tu? Na nisisitize ultrasaundi, au eksirei inatosha?