Nyumba ya Luchelele au fleti ya Capri Point: ipi inachafua kidogo?

MwanaKisauni
Hamjambo wana Mwanza. Mie ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, nimepata mkataba wa kazi wa miaka miwili huko kwenu, na ofisi iko barabara ya Makongoro. Nahamia na mume na mtoto wa miaka minne. Nyumbani tumejizoesha mambo yetu: maganda ya jikoni yanaenda kwenye mboji, maji ya chupa hatununui, gari tuliliuza mwaka juzi. Sitaki kufika ugenini nikaanza kuishi kitajiri kwa sababu tu kodi ya nyumba analipa mwajiri. Mifuko ya plastiki hainitii wasiwasi, kwetu ilikatazwa Agosti 2017 na kwenu Juni 2019, kikapu changu kitakuwa nyumbani.

Dalali amenitumia video za nyumba mbili. Ya kwanza ni fleti Capri Point: kiyoyozi kila chumba, hita bafuni, jenereta ya jengo zima, na hakuna hata pa kupanda dania. Lakini kazini nitakwenda kwa miguu. Ya pili iko Luchelele, nyumba ya peke yake, paneli za sola juu ya bati, tangi la lita 5,000, miembe minne, bustani inashuka mpaka majini. Dalali anaiita "nyumba ya kijani". Kodi zinakaribiana.

Moyo wangu uko Luchelele, nakiri. Mnaonaje? Pia naomba ushauri wa jiko: gesi, umeme au mkaa?

Ngosha_Igoma
Karibu Jiji la Miamba, dada. Ngoja nikupe Luchelele ya saa kumi na mbili asubuhi: bajaji hadi stendi ya Nyegezi, hapo unagombania daladala, halafu foleni mpaka mjini. Ni kilomita kumi na ushei kwenda, na nyingine kurudi. Wiki ya kwanza utafurahia upepo. Mvua ya kwanza ya Novemba mtoto akilowa, utanunua gari. Nimekaa hapa nikiwatazama wageni wa mikataba. Wanakuja na baiskeli, wanaondoka na Prado.

Paneli za sola hazisukumi gari hilo. Capri Point.

Fundi_Paneli
Nafunga sola mwaka wa kumi na mmoja sasa, kwa hiyo msiseme nawaharibia wenzangu biashara. Dada, paneli si tatizo, zinakaa miaka ishirini na zaidi. Uliza betri. Nyumba nyingi za kupangisha zina betri za asidi zilizonunuliwa kwa bei ya chini, baada ya miaka mitatu au minne zimekufa. Zikifa zinakwenda wapi? Kuna mtu anazivunja uani kwake, anayeyusha madini ya risasi yaliyomo kwa moto wa mkaa, na watoto wanacheza pembeni. Mwambie dalali akupigie picha ya lebo ya betri, uone aina na mwaka.

La pili, gridi yetu si ile ya zamani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, ukiongeza mabwawa mengine na gesi asilia ya kusini, umeme unaoutoa ukutani Mwanza sehemu kubwa ni wa maji. Kwa hiyo mtu wa Capri Point anayetumia uniti chache si mchafuzi kuliko wa Luchelele mwenye sola na gari.

Kiyoyozi kisikutishe, usikiwashe tu. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku hewa inapoa vizuri. Fungua madirisha, ila hakikisha yana nyavu nzima, maana kuna siku wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi wa kiwanda na taa ikiwaka wanahamia sebuleni. Mla umeme wa kweli ni hita ya bafuni inayoachwa imewashwa kutwa. Izime swichi, iwashe robo saa kabla ya kuoga.

MwanaKisauni
Fundi, shukrani. Mombasa nalala na joto la nyuzi 30, huko nitahitaji blanketi! Ngosha, umenichoma lakini nimekusikia.

Mdachi_Nyegezi
Habari zenu. Mimi ni Mholanzi, naishi Nyegezi mwaka wa saba, mke wangu ni wa hapa hapa. Naomba kutubu mbele yenu.

Nilipokuja nilileta kontena zima. Baiskeli tatu, choo cha mboji, taa, na jiko la sola la kioo kama sahani kubwa. Nilipika maharage kwa jiko lile siku moja mbele ya mama mkwe. Mawingu yakaja. Tulikula saa tatu usiku, na maharage yaliivia kwenye mkaa wa jirani. Choo cha mboji mpaka leo kinafugiwa kuku. Vitu vyote nilivyovihitaji vilikuwepo: seremala yuko barabarani, nguo na mapazia yako Mlango Mmoja, soda inauzwa kwa chupa za kioo zinazorudishwa kwenye kreti, jambo ambalo Ulaya watu wanalitungia mikutano.

Lakini dhambi kubwa haikuwa kontena. Kila Krismasi tulikuwa tunaruka kwenda kwa mama yangu Utrecht, watu wanne. Safari hiyo, kwenda na kurudi, inatoa zaidi ya tani moja ya hewa ukaa kwa kila abiria. Mtanzania wa kawaida, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe ya mwaka mzima, hafiki hata nusu tani. Mboji yangu ya miaka saba haifuti Krismasi moja! Siku hizi tunakwenda mwaka mmoja tunaruka mmoja, na tukienda tunakaa wiki sita. Mama analalamika kidogo.

Kwa hiyo swali langu kwako si la nyumba. Mtarudi Mombasa mara ngapi, na kwa chombo gani?

MwanaKisauni
Kwa basi, kupitia Sirari, na mgongo utaumia. Mara mbili kwa mwaka labda. Ndege hata mwajiri hajaitaja, ni ujirani tu huu.

Ngosha_Igoma
Kuku ndani ya choo cha Ulaya 😂 Mdachi, tunataka picha.

Mama_Sato
Mwanangu karibu. Mimi nauza samaki Kirumba Mwaloni, ya mitambo siyajui, ya jiko nayajua. Kwangu nina yote matatu. Chai na mboga napikia gesi. Maharage, makande na utumbo naweka presha kuka ya umeme aliyoniletea binti yangu, nafunga, naenda zangu sokoni. Sufuria la maharage halimalizi hata uniti moja. Mkaa nimeuachia samaki wa kuchoma, maana sato wa gesi si sato. Zamani gunia halikumaliza mwezi, sasa sikumbuki lini nimenunua gunia, nanunua kopo.

Na ukija kununua samaki usidanganywe na udogo wa bei. Sato asiyefika sentimita 25 hajazaa bado, muache. Sangara asiyefika sentimita 50 naye muache. Mkubwa kabisa ndiye mama mwenyewe wa mayai, heri abaki majini. Dagaa chukua waliokaushwa kwenye chanja, wa mchangani watakusagisha meno. Mtoto usimwache aoge ziwani kando kando, kichocho kipo.

Ngosha_Igoma
Mama Sato shikamoo. Hapo kwenye mkaa niongezee. Mkaa wa tanuri la udongo unakula kilo sita mpaka kumi za kuni ili utoke kilo moja. Gunia unaloliona Buhongwa lilikuwa msitu wa mtu huko Geita au Tabora. Sisi Wasukuma tuna ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ng'ombe wasiingie, miti inapona. Babu zetu walikuwa nazo, zikapotea, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza 1986 ulizifufua hizo hizo. Baba yangu ana yake Kwimba mpaka leo. Miti ya ngitili ya miaka kumi na tano inaweza kuishia kwenye majiko ya mtaa mmoja kwa wiki. Naandika haya nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

MwanaKisauni
Hapana, endelea kuwa nazo. Jiko basi limeamuliwa: gesi na presha, mkaa wa samaki siku za wageni.

Maji je? Nimesikia wageni wote huko wanakunywa ya chupa.

Fundi_Paneli
Wageni na wenyeji wenye nafasi, ndiyo. Kuchemsha ni salama lakini kuna gharama: ndoo ya lita 20 kutoka ubaridi mpaka kuchemka inakula karibu uniti mbili za umeme. Kila siku, hesabu mwenyewe. Chujio la udongo lenye koki halitumii chochote, unalisugua tu kwa brashi laini. Ukikosa, madumu makubwa ya kurudisha dukani, si zile chupa ndogo ambazo mvua ikinyesha tunazikuta Mto Mirongo zikisafiri kwenda ziwani.

Afisa_Mstaafu
Nimesoma uzi mzima na nashangaa hakuna aliyesimama kwenye sentensi moja ya mwanzo. "Bustani inashuka mpaka majini." Mpaka majini, wakubwa?

Nimefanya kazi ya mazingira miaka mingi kabla ya kustaafu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Si urembo wa kisheria. Nyumba ya Luchelele haina bomba la majitaka, ina karo, yaani shimo la majitaka. Udongo wa pale ni mchanga juu ya mwamba. Kinachovuja kwenye karo kinateleza juu ya mwamba na kuingia ziwani bila kuchujwa. Hicho ndicho chakula cha magugu maji. Halafu mpangaji anaamka asubuhi, anaona gugu limefunika ufuko, anapiga picha na kulaumu wavuvi.

Bibie, muulize dalali maswali mawili: nyumba iko mita ngapi kutoka ukingoni, na karo liko upande gani, wa barabara au wa ziwa.

Mdachi_Nyegezi
Uuu. Mimi mwenyewe nitakwenda kuangalia karo langu leo.

MwanaKisauni
Afisa, ahsante sana, na samahani kwa kukawia. Binamu wa mume wangu anasoma chuo Malimbe, jirani na hapo, nimemtuma Jumamosi akapime kwa hatua. Kutoka ukuta wa nyuma hadi maji yanapoanza: hatua 38. Karo liko katikati, chini ya mwembe wa tatu. Mfuniko umepasuka.

Basi. Luchelele imekwisha.

Ngosha_Igoma
Pole kwa moyo. Ila usirudi Capri Point bado. Tazama Isamilo: nyumba za zamani za mlimani, kuna viwanja vidogo vya mchicha, na kushuka mjini ni kwa miguu. Kupanda jioni ni jasho, siwezi kukudanganya. Baadhi ya sehemu za milimani mabomba ya majitaka yamefika, kwa hiyo uliza nyumba kwa nyumba.

Fundi_Paneli
Na Isamilo bati lako ni mtaji. Bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 inakupa kama lita 1,000. Weka mfereji na simtanki moja, maji ya kufulia na ya mchicha hununui msimu wote wa mvua. Mvua ya kwanza imwage, ina vumbi na mavi ya ndege.

MwanaKisauni
Isamilo naja kuiona kwa macho yangu, video sitaki tena. Dalali amenuna. Anasema miaka yote wateja wake huuliza kama ziwa linaonekana kutoka sebuleni, mie wa kwanza kumuuliza karo liko wapi.

Mama_Sato
Mwache anune. Ukishuka Sirari unipigie, nikuwekee sato. Uje na ndoo yako.