Miaka saba ya dawa za wasiwasi: niendelee au niache?

Mwalimu wa Uyole

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 41, ninafundisha shule ya msingi hapa Mbeya, na huu ni mwaka wa saba tangu nianze kumeza dawa za wasiwasi. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuulizwa nitaziacha lini, na nimechoka zaidi kujiuliza mwenyewe.

Ugonjwa ulianza kwa kitu nilichodhani ni moyo. Nilikuwa ubaoni nikiandika hesabu za sehemu, mara mkono ukafa ganzi, kifua kikabana, jasho jembamba likanitoka, nikaamini kabisa kwamba ninakufa mbele ya watoto wa darasa la nne. Nilipimwa presha, sukari, malaria na moyo, na kila nilikokwenda niliambiwa sina tatizo. Daktari aliyenisaidia hatimaye alianza kwa kunipapasa shingo, akaagiza kipimo cha tezi, akanieleza kwamba nyanda hizi zetu zina historia ndefu ya rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kutokana na upungufu wa madini joto, na kwamba tezi inapofanya kazi kupita kiasi moyo huenda mbio na mikono hutetemeka kama ya mtu mwenye wasiwasi. Tezi yangu ilikuwa salama. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba wasiwasi nao ni ugonjwa wenye tiba.

Tangu hapo ninameza setralini, miligramu 100 kila asubuhi, nami ninafundisha, ninapanda daladala na ninalala. Miaka minne iliyopita, nilipofiwa na mama, zahanati moja ikaniongezea diazepamu ya miligramu 5 ya usiku. Hakuna aliyeniambia ni ya muda gani, hivyo nikaendelea kuinunua kwa kuonyesha cheti kilekile cha zamani.

Mwezi Juni nilikwenda msibani Kyela nikasahau mfuko wa dawa nyumbani. Siku ya tatu nilianza kusikia kitu kama shoti ya umeme ndani ya kichwa kila nilipogeuza macho, mikono ikatetemeka, na usingizi ukakata kabisa. Shangazi yangu, ambaye ananipenda na simlaumu, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hivyo vidonge vimeshakutawala." Kanisani nako nimeshauriwa niviweke madhabahuni kama ishara ya imani. Naomba mnijibu kwa ukweli: je, nimekuwa teja? Na kama ni hivyo, ninatokaje?

Mfamasia Mstaafu, Mbeya mjini

Pole sana, mwalimu, kwa msiba na kwa mzigo huu wote. Jambo la kwanza ninalokuomba ni kuzitenganisha dawa hizo mbili, kwa maana umeuliza swali moja wakati maswali ni mawili na majibu yake hayafanani.

Setralini huongeza kiasi cha serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, kinachobaki kati ya seli za ubongo, na kazi yake huonekana polepole, baada ya wiki mbili hadi sita. Hailevyi, haimfanyi mtu atamani kidonge cha pili saa mbili baada ya cha kwanza, wala haikulazimishi kupandisha dozi kila mwaka ili upate nafuu ileile. Ile shoti ya kichwani inajulikana vizuri kwa dawa za kundi hili zinapokatwa ghafla, nayo hutokea kwa sababu ubongo uliozoea kiwango fulani umenyang'anywa kiwango hicho kwa siku chache. Kuzoea kwa mwili si uteja. Mzee anayetumia propranolo kwa ajili ya moyo akiiacha ghafla, mapigo yake yanaweza kurudi kwa kasi kuliko mwanzo, na sijawahi kusikia ukoo ukimwita teja.

Teja ni mtu anayeitafuta dawa kwa gharama ya maisha yake, akaongeza dozi, akaficha, akaacha kazi na watoto. Wewe umetueleza kinyume chake: unameza dozi ileile ili uweze kusimama darasani.

Diazepamu ni habari nyingine, na hapa nitasema bila kukupaka mafuta. Iliingia sokoni mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa zaidi nchini Marekani, kwa sababu hutuliza ndani ya saa moja na mgonjwa humshukuru daktari siku hiyohiyo. Ilichukua muda mrefu kukubali kwamba mwili huizoea ndani ya wiki chache, na mwaka 1988 Uingereza ikatoa mwongozo kwamba dawa za jamii hiyo zisizidi wiki mbili hadi nne. Wewe umefikisha miaka minne. Kosa hilo si lako, ni letu sisi tuliotoa dawa bila kusema mwisho wake, nami nilipokuwa kazini niliona vyeti vilivyochakaa kwenye mikunjo vikirudi dirishani mwezi baada ya mwezi. Kule Kyela, kutetemeka na kukosa usingizi kunawezekana kabisa kulitokana na diazepamu, na nashukuru halikutokea kubwa zaidi, maana kuikata ghafla baada ya kuitumia muda mrefu kunaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa.

Kwa hiyo usiweke kitu chochote madhabahuni kesho. Nenda kliniki ya afya ya akili, usiende kwenye ile zahanati, ukiwa umeandika kwenye karatasi dawa zote mbili, dozi na miaka. Omba mpango wa kupunguza diazepamu kwanza, polepole, huku setralini ikibaki kama ilivyo ili ikushike wakati huo. Habari ya setralini izungumzwe baadaye, ukiwa umetulia, na ikiamuliwa uendelee nayo kwa miaka mingine, hilo nalo ni uamuzi halali.

Dereva wa Zamani, Iringa

Kamwene, mwalimu. Mimi nilipita njia hiyo ya diazepamu, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona.

Nilikuwa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mara ya kwanza hali hiyo ilinikuta kwenye mlima Kitonga, ninapanda na mzigo, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, na lori la mbele yangu limezima. Miguu ilikosa nguvu kwenye pedali. Utingo alinimwagia maji usoni. Baada ya hapo kila nilipofika Ruaha Mbuyuni nilianza kutetemeka kabla hata ya kuuona mlima, mpaka rafiki akanipa diazepamu zake, na hivyo ndivyo nilivyoendesha kwa miaka mitatu, miligramu 10 kila siku. Namshukuru Mungu sikuua mtu, kwa sababu leo ninajua dawa ile inapunguza wepesi wa kushika breki. Wakati wa masika nilikuwa ninaichanganya na ulanzi, na usiku mmoja mke wangu alishindwa kuniamsha. Pombe na diazepamu kwa pamoja vinaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa amelala. Naomba kila anayesoma hapa alichukue hilo kwa uzito.

Daktari alinipunguzia robo ya kidonge cha miligramu 5 kila mwezi. Miezi miwili ya mwanzo sikuhisi chochote nikadhani nimeshinda, lakini mwezi wa tano, nilipofika chini ya kidonge kimoja, usingizi uliruka na mwanga wa dirishani ukawa unaniumiza macho. Nilirudi kliniki nikiwa na aibu. Daktari hakunigombeza, alisema tusimame hapohapo wiki nne, tusirudi juu wala tusishuke, kisha tukaendelea. Ilichukua karibu miezi minane. Wakati huohuo nilikuwa na mshauri aliyenifundisha kutoa pumzi taratibu, kisha akanipangia kuupanda Kitonga kwanza kama abiria wa basi, nikiwa nimekaa dirishani upande wa korongo. Mara ya nne moyo ulienda mbio hadi tukamaliza kona za juu, halafu ukatulia wenyewe bila kidonge. Sikurudi kwenye malori, lakini sasa ninapanda mlima ule.

Mume wa mgonjwa, Njombe

Mimi sina mengi. Mke wangu anatumia setralini mwaka wa tano, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza kila mwisho wa mwezi kama bado ana haja nayo, nikidhani ninamtia moyo. Siku moja alinijibu kwamba kila ninapouliza hivyo anasikia kwamba simtaki jinsi alivyo. Nimeacha. Sasa nikienda mjini ninachukua dawa zake wiki moja kabla hazijaisha, kwa kuwa kuna nyakati duka huwa halina. Tumeweka pia kikaratasi cha vidonge kumi ndani ya mfuko wa safari ambacho hakitolewi. Shangazi yako anaweza kuelezwa, dada. Mwalike aende nawe kliniki siku moja, amsikie daktari kwa masikio yake.

Mwalimu wa Uyole

Ndaga fijo, wote. Nimesoma majibu haya mara tatu. Kwa miaka saba nimekuwa nikivificha vidonge vyangu kwenye kopo la unga wa ulezi ili wageni wasivione, na jana usiku nimevitoa nikaviweka kabatini pamoja na dawa za kikohozi za watoto.

Nimempigia shangazi simu Tukuyu. Hakukubali kila kitu, ila amesema Jumatatu atapanda gari la asubuhi tuonane stendi, tuende pamoja. Karatasi nimeshaiandika kama ulivyoelekeza, mfamasia, na nimeongeza mstari kuhusu chai ya rangi, kwa maana nimehesabu nikakuta ninakunywa vikombe saba kwa siku.

Nina swali dogo kwa dereva: hiyo robo ya kidonge ulikuwa unaipataje? Nimejaribu kwa kisu cha jikoni, kikapasuka chote kuwa unga.

Dereva wa Zamani, Iringa

Usianze kukata kabla daktari hajakupa mpango, dada yangu. Siku hiyo ukifika, omba ukatiwe palepale dirishani. Mimi walinikatia kwa kifaa kidogo chenye wembe ndani, wakanifungia robo za mwezi mzima kwenye bahasha, na nilizihifadhi mbali na unyevu, kwani robo hulowa haraka kuliko kidonge kizima, hasa kwa baridi na ukungu wa huko kwenu Uyole.