Re: Kijana wangu anamaliza sekondari, ana usonji. Kazi ataipataje?

Mama, Columbus:
Wapendwa, habari za majukumu. Mwanangu ana usonji, yuko darasa la 12. Shule wameniambia mwezi wa tano atavaa joho na kupewa diploma. Nafurahi, lakini baada ya hapo? Baba yake na mimi tuko zamu ghalani. Aliyepita njia hii anisaidie.

Dada, Dayton:
Mama, hongera kwa kumfikisha kijana hapo. Nakuomba sana, usiipokee diploma hiyo kabla hujakaa na shule. Sheria ya IDEA, ya elimu maalumu hapa Marekani, inampa mwenye ulemavu haki ya kuhudumiwa shuleni, na hapa Ohio inaweza kuendelea hadi atimize miaka 22. Akishachukua diploma ya kawaida, haki hiyo imekwisha, hata kama ana miaka 18. Waambie unataka mzungumzie kuiahirisha. Joho uliza pia. Shule nyingi humruhusu kuvaa na wenzake, diploma ikasubiri.

Nasisitiza kwa sababu nimeona familia zetu nyingi zikishtuka mwezi wa sita. Shuleni huduma ni haki yake. Akitoka, ni yeye wa kuomba, kila ofisi na fomu zake na masharti yake, na kwingine foleni ni ya miaka.

Sasa fungua IEP yake, yaani mpango wake wa elimu maalumu ulioandikwa na shule, tafuta ukurasa wa maisha baada ya shule. Sheria ya taifa inautaka ukianza miaka 16, Ohio inautaka miaka 14. Wa binti yangu ulisema tu "atachunguza kazi anazozipenda." Nikauliza: wapi, siku gani, nani atampeleka? Tulipotoka kikaoni pameandikwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, jikoni hospitalini, pamoja na mtu wa kumfundisha kupanda basi peke yake. Hilo la basi msilidharau. Wako vijana wanaoiweza kazi vizuri kabisa, wanakwama kwa kuwa hakuna wa kuwafikisha.

Mkalimani wa Kiswahili ni juu ya shule, bure. Omba mapema, kwa maandishi. Wadogo zake wasitafsiri kikao kile, ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Na kijana akitimiza 18 sahihi inakuwa yake, kwa hiyo mzungumze naye nyumbani kwanza, aseme mwenyewe anataka kazi gani.

Kaka, Cincinnati:
Naongezea. Mpeleke OOD sasa hivi, akiwa bado shuleni. Ndiyo idara ya jimbo inayowasaidia wenye ulemavu kupata kazi. Kila jimbo lina ya kwake. Tangu sheria ya ajira ya WIOA ya 2014, idara hizi lazima zitenge angalau asilimia 15 ya fedha za serikali kuu kwa wanafunzi: mazoezi ya kazi, kujua kazi zilizopo, kujifunza kujitetea mbele ya mwajiri. Akiomba huduma kamili, wana siku 60 za kuamua kama anastahili, kisha siku 90 za kuandika naye mpango wa kazi. Si lazima awe raia, ila awe na kibali cha kufanya kazi.

Uliza pia kama karibu yenu kuna Project SEARCH. Ilianzia hapa kwetu 1996, hospitali ya watoto. Mwanafunzi anakaa mwaka mzima ndani ya kazi halisi, akizunguka vitengo kama vitatu.

Mama, Columbus:
Asanteni mno. Anapokea SSI, zile fedha za kila mwezi za serikali kwa wenye ulemavu wenye kipato kidogo. Akianza kazi si watamkatia?

Dada, Dayton:
Hawaikati yote kwa mara moja, mama. Kama hana kipato kingine, dola 85 za kwanza za mshahara wa mwezi hazihesabiwi, na zinazobaki huhesabiwa nusu. Akipata dola 585, SSI inapungua 250 tu, kwa hiyo bado anatoka na zaidi kuliko akikaa nyumbani. Na akiwa mwanafunzi chini ya miaka 22 kuna msamaha mkubwa zaidi, waambie watu wa SSI unaomba msamaha wa mwanafunzi anayefanya kazi. Peleka karatasi za mshahara kila mwezi bila kukosa, wasije kudai walilipa kupita kiasi.

Barua ya kuomba kikao ninayo, kwa Kiswahili na Kiingereza. Nakutumia jioni hii, weka jina la kijana na tarehe, uipeleke kesho asubuhi na ubaki na nakala.