Sote tuna HPV, mbona dada yangu ameharakishwa na mimi nimeambiwa nisubiri?

Swali
Ndugu wanajamvi, naomba ufafanuzi. Mimi na dada yangu tulipima virusi vya HPV, vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, siku moja, na sote tumekutwa na maambukizi. Karatasi yangu imeandikwa "HPV 16: hasi, HPV 18: hasi, aina nyingine 12 zenye hatari: chanya", na kwa kuwa kipimo cha Pap (cha seli za mlango wa kizazi) hakikuonyesha kasoro, nimetakiwa nirudi baada ya mwaka. Dada naye Pap yake ni safi, lakini kwa sababu ana aina ya 16 amepelekwa moja kwa moja kwenye kolposkopia (ukaguzi wa mlango wa kizazi kwa darubini). Je, mimi nimepuuzwa, au yeye anatishwa bure?

Jibu la kwanza
Si hili wala lile. Aina ya 16 na ya 18 husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, na zaidi ya nusu ya saratani zote hizo ni za 16 peke yake. Pap hutegemea seli zilizonaswa na brashi pamoja na jicho la msomaji, hivyo mwenye 16 hatulizwi na Pap safi. Kwako hatari ni ndogo zaidi, na maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka 2.

Jibu la pili
Naafiki, ila hiyo karatasi ina upungufu wake. Neno "nyingine" limezitia kapu moja aina za 31 na 33, zinazostahili kuangaliwa kwa karibu, pamoja na 56 na 59, ambazo ni nadra kuleta saratani. Tena mwakani ukikutwa chanya, hutajua kama ni kirusi kile kile kilichogoma kutoka au ni kipya, ilhali kinachozaa saratani ni aina moja kudumu mwilini kwa miaka. Uliza kama maabara inaweza kutaja kila aina kwa namba yake.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Je, dada ahesabu kwamba tayari ana saratani?

Jibu la kwanza
La hasha. Mlango wa kizazi utakaguliwa kwa darubini, na penye shaka patakatwa kinyama kidogo cha kupimwa. Yakikutwa mabadiliko ya awali, hutibiwa kabla hayajawa saratani. Iwapo mmoja wenu anaishi na VVU, amweleze daktari, kwa kuwa ratiba yake ya uchunguzi huwa ya karibu zaidi.